Tarehe, Alama na Umri: Jinsi ya Kuisoma Gemu Mpya Kabla Hujailipia

Diski ya Call of Duty: Modern Warfare II ya PS5, iliyotoka tarehe 28 Oktoba 2022, ilikuwa na takriban MB 70 tu ndani yake. Blu-ray yenye tabaka mbili inabeba GB 50, kwa hiyo karibu diski nzima ilikuwa tupu, na gemu yenyewe ilibidi ishushwe kwa intaneti. Aliyeilipia akiamini kwamba diski itamwokoa na gharama ya bando alikuwa amenunua ufunguo, nyumba bado iko mbali.

Mfano huo unamgusa sana mnunuzi wa Mbeya, Iringa au Njombe, kwa sababu huku tumezoea kuiamini diski. Imefungwa nailoni, kava linang'aa, imesafiri kwa basi kutoka Kariakoo zaidi ya kilomita 800 hadi Mwanjelwa, na ukishaifungua hairudishwi. Kabla ya kutoa pesa mtu huuliza mambo matatu: imetoka lini, wahakiki wameipa ngapi, na kama mchezaji ni mtoto, ile namba ya umri kwenye kona ya kava inasemaje. Majibu yote matatu huwa ya kweli. Tatizo ni kwamba kila moja linajibu swali ambalo mnunuzi hakuliuliza.

Gemu "imetoka" maana yake nini

Enzi za PS2, gemu ikipelekwa kiwandani kuchapwa ilikuwa imekwisha. Kasoro iliyobaki ilibaki humo milele. Ndiyo maana diski ya Grand Theft Auto (GTA): San Andreas ya mwaka 2004 inachezeka hadi leo katika kibanda chochote Kabwe au Kihesa, bila intaneti na bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Konsoli zilipounganishwa na intaneti, utaratibu ukageuka. Nakala mama hupelekwa kiwandani wiki kadhaa kabla ya siku ya mauzo ili diski zichapwe, zifungwe na zisambazwe. Watengenezaji hawakai bure wiki hizo. Wanaendelea kurekebisha, na marekebisho yao hutoka kama apdeti ya siku ya kwanza. Kwa hiyo diski uliyoshika inaonyesha kazi ilikuwa imefika wapi siku ile ilipoondoka ofisini, na chochote kilichofanyika baada ya hapo kiko mtandaoni.

Cyberpunk 2077 ndiyo somo kubwa zaidi la jambo hili. Kampuni ya CD Projekt Red ya Poland iliitangaza mwaka 2012, ikapanga kuitoa tarehe 16 Aprili 2020, ikasogeza hadi 17 Septemba, kisha 19 Novemba. Mwanzoni mwa Oktoba wakatangaza kwamba nakala mama imekamilika. Kabla mwezi haujaisha wakasogeza tena, hadi 10 Desemba. Yaani gemu ilikuwa tayari kuchapwa lakini haikuwa tayari kuchezwa. Ilipofika sokoni, kwenye kompyuta zenye nguvu ilikuwa gemu nzuri yenye kasoro. Kwenye PS4 ya kawaida picha zilikwama, sura za watu zilikuja na ukungu, gemu ikawa inajizima katikati ya mchezo. Sony, watengenezaji wa PlayStation, waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni wiki moja baada ya kutoka, wakawarejeshea wanunuzi pesa, na haikurudi dukani humo hadi 21 Juni 2021. Aliyenunua diski mtaani bila risiti hakuwa na wa kumrejeshea.

Haikuwa peke yake. No Man's Sky ilitoka Agosti 2016, na wachezaji walisubiri hadi Julai 2018 kupata kucheza pamoja kama walivyotarajia tangu mwanzo. eFootball 2022 ilitoka 30 Septemba 2021 ikiwa na nyuso za wachezaji zilizopinda kiasi cha kutisha, na toleo ambalo watengenezaji wake, Konami, wenyewe waliliita 1.0 lilifika tarehe 14 Aprili mwaka uliofuata. Ukiziweka pamoja unaona kwamba tarehe ya kutoka ni siku ambayo mauzo yanaanza. Kwa mtu asiye na intaneti ya uhakika, tarehe yenye maana ni miezi sita hadi kumi na miwili baadaye, kasoro kubwa zikiwa zimeshughulikiwa na bei imeshuka. Kusubiri hakuna raha yoyote, lakini kwa mazingira yetu ndiko kununua kwa akili.

Ipo pia "mpya" ambayo si mpya. FIFA ya mwisho kutengenezwa kwa ajili ya PS2 ni FIFA 14, na ya mwisho kwa PS3 ni FIFA 19. Hiyo FIFA 19 ya PS3 nayo ilibadilishiwa jezi na vikosi tu, mchezo wenyewe ukabaki wa miaka ya nyuma. Ukikuta kava la PS3 limeandikwa mwaka wa baada ya hapo, humo ndani kuna gemu ya zamani iliyochakachuliwa majina na jezi. Vijana wanaozitengeneza wana ufundi wa kweli, na kuiona Simba na Yanga kwenye PS2 ni jambo la kufurahisha. Ila usiilipie kama gemu mpya.

Apdeti, bando na umeme

Sasa twende kwenye hesabu. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti, ukubwa wa gemu kwa gigabaiti, na baiti moja ni biti 8. Apdeti ya GB 50 ni kama megabiti 400,000. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde hiyo ni sekunde 40,000, yaani saa 11 na dakika kadhaa bila kukatika. Kwa megabiti 4, kasi ambayo simu nyingi hutoa jioni watu wote wakiwa mtandaoni, ni karibu saa 28. Na hapo bando lenyewe hujalihesabu.

Kwa mwenye PS4 kuna njia nzuri ambayo wachache wanaitumia. Tafuta hadi diski (hard disk) ya nje ya USB 3.0, yenye ukubwa kuanzia GB 250 hadi TB 8. Ichomeke kwenye PS4 na uifomati kama hifadhi ya ziada. Kufomati kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo isiwe ile yenye picha za harusi. Ipeleke pamoja na diski yako ya gemu kwa mtu mwenye PS4 na intaneti ya faiba. Kwenye mipangilio ya hifadhi ya mashine yake, chagua gemu zisakinishwe kwenye hadi diski ya nje, ingiza diski, acha gemu isakinishwe na apdeti ishuke hadi mwisho. Ukimaliza, simamisha matumizi ya hadi diski kupitia menyu ndipo uchomoe. Nyumbani unaichomeka, unaweka diski ileile, na gemu inafunguka ikiwa na apdeti yake yote.

Njia hii huharibikia mahali patatu. Kwanza ni programu ya PS4 ya nyumbani kuwa ya zamani kuliko apdeti inavyotaka. Hilo linatibiwa kwa flashi: tengeneza folda iitwayo PS4, ndani yake folda UPDATE, na humo weka faili PS4UPDATE.PUP kutoka tovuti ya PlayStation, majina yote kwa herufi kubwa. Pili ni nafasi. PS4 inapoweka apdeti hunakili gemu upya, hivyo gemu ya GB 60 inahitaji nafasi huru ya karibu GB 60 nyingine pamoja na apdeti yenyewe, na mashine ikikwambia haina nafasi wakati wewe unaiona GB 30 iko wazi, haidanganyi. Tatu ni kuchomoa hadi diski mashine ikiwa inaitumia, jambo linaloweza kuharibu kila kilichomo.

Umeme nao una sura yake, hasa kuanzia Novemba mvua za radi zinapoanza. Ukikatika katikati ya apdeti, PS4 inaweza kugoma kuwaka kawaida. Izime kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde 7 hadi usikie mlio wa pili. Unganisha pedi kwa waya wa USB, maana bila waya haitasikia. Menyu itakayotokea ina machaguo kadhaa. La 5 hujenga upya orodha ya data bila kufuta gemu zako. La 6 na la 7 yanafuta kila kitu, na watu wengi huyakimbilia kwa hofu kabla hawajajaribu la 5. Radi ikianza kupiga, chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa pedi hakuzuii kitu.

Jambo moja dogo kuhusu diski zenyewe. Kwenye mgongo wa kava la PS4 kuna namba inayoanza na CUSA, nayo hutofautiana kwa kanda. Diski ya nchi yoyote itacheza kwenye PS4 yoyote, lakini nyongeza za kununua mtandaoni lazima zitoke kwenye duka la ukanda uleule wa diski. Akaunti nyingi zinazotumika huku zimeandikishwa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Mwenye diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani hununua nyongeza, pesa inakatwa, nyongeza haionekani ndani ya gemu, na hakuna kilichoharibika. Ni kanda mbili tu zisizojuana.

Alama za wahakiki

Mtu anaposema gemu imepata 86, mara nyingi ananukuu Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001 ambayo hukusanya alama za wahakiki na kutoa wastani mmoja juu ya 100. Baadhi ya vyombo hupewa uzito zaidi ya vingine, na uzito huo hautangazwi. Rangi ya kijani huanza 75, njano 50, nyekundu ni chini ya hapo. Kila mashine ina wastani wake, na hapa ndipo wanunuzi wetu wengi hupotea.

Rudi kwenye Cyberpunk. Uhakiki ulichapishwa tarehe 7 Desemba 2020, siku tatu kabla ya gemu kutoka. Wahakiki walikuwa wamepewa nakala za kompyuta tu, na hawakuruhusiwa kutumia video walizorekodi wenyewe. Alama zikapanda juu ya 80, na watu wa PS4 wakanunua kwa kuzitegemea. Nakala za PS4 zilipofika mikononi mwa wahakiki, wastani wa mashine hiyo ukaangukia chini ya 60. Namba zote mbili zilikuwa sahihi. Zilipima vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

Kwa hiyo unapoambiwa alama, swali la kwanza ni: ya mashine gani? Gemu ikitoka kwa PS5 na PS4 pamoja, alama inayozungumzwa karibu kila mara ni ya PS5. Mwenye PS4 ya GB 500 atafute video ya gemu hiyo ikichezwa kwenye PS4 ya kawaida, dakika kumi za mchezo usiokatwakatwa, na atazame sehemu zenye watu wengi au magari mengi. Mashine ikizidiwa, ni pale itaonekana.

Swali la pili ni lini uhakiki uliruhusiwa kutoka. Kampuni huwapa wahakiki gemu mapema kwa makubaliano kwamba hawatachapisha kabla ya saa fulani. Kikawaida hilo ni jambo jema, linampa mhakiki muda wa kucheza bila kukimbizana. Lakini saa yenyewe ina ujumbe. Assassin's Creed Unity ilianza kuuzwa tarehe 11 Novemba 2014, na wahakiki walizuiwa hadi saa sita mchana kwa saa za New York, ambayo huku ni saa mbili usiku. Gemu ilikuwa imeuzwa nusu siku nzima kabla ya neno la kwanza kuchapishwa, na ilikuwa na kasoro zilizofanya nyuso za wahusika zipotee, yakabaki macho na meno. Kampuni inayoiamini kazi yake haizuii uhakiki hadi baada ya mauzo kuanza. Ukifika siku ya kutoka na uhakiki haupo, usinunue.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Juu ya 10 ungedhani 5 ni ya katikati. Kwenye uhakiki wa gemu 5 ni mbaya sana, na 7 ni "inapitika". Jarida la Famitsu la Japani hutumia watu wanne, kila mmoja akitoa alama juu ya 10, jumla 40. Mfumo huo una faida moja kubwa: unaona pale walipotofautiana. Gemu yenye 9, 9, 6, 6 si sawa na yenye 8, 8, 7, 7, ingawa jumla ni ileile 30. Ya kwanza imewagawa watu, na huenda wewe uko upande wa 9.

Namba hizi zina uzito hata kwa wanaotengeneza gemu. Mwaka 2012 Chris Avellone wa studio ya Obsidian alieleza kwamba malipo yao ya ziada kwa Fallout: New Vegas yalitegemea kufikia 85 Metacritic. Walipata 84. Kazi ya watu wengi ilikosa bonasi kwa pointi moja, kwenye gemu ambayo wachezaji wengi leo wanaiona kuwa miongoni mwa bora za mfululizo wake. Ukijua hilo, unaacha kuiheshimu tofauti ya 84 na 86.

Alama za wachezaji wenyewe zinahitaji jicho jingine. The Last of Us Part II ilipotoka tarehe 19 Juni 2020, watu walimwaga sifuri Metacritic saa chache baada ya kutoka, wengi wakiwa hawajaweza hata kuimaliza. Mwezi uliofuata Metacritic wakaweka muda wa kusubiri wa saa 36 kabla ya mchezaji kuruhusiwa kutoa alama. Ni rahisi kuhitimisha kwamba alama za umma ni hasira tupu. Lakini Mei 2024 Helldivers 2 ilipata maoni mabaya zaidi ya 200,000 kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, baada ya Sony kutaka kila mchezaji wa kompyuta awe na akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako PSN haina huduma rasmi, sehemu kubwa ya Afrika ikiwemo. Hasira ile ilikuwa na sababu iliyotuhusu sisi moja kwa moja, na siku chache baadaye Sony wakaachana na sharti hilo. Usiishie kwenye asilimia. Fungua maoni kumi ya siku 30 zilizopita, angalia mtu amecheza saa ngapi, soma analalamikia nini. Mwenye saa 60 anayelalamika kwamba gemu inadai intaneti muda wote amekwambia kitu ambacho mhakiki wa London hakuwa na sababu ya kukigundua.

Na kuna kitu ambacho hakuna alama inayokipima, nacho ni umbali. Mhakiki hucheza mtandaoni kwenye seva iliyo karibu naye. Wewe uko Mbeya, na seva ya karibu inaweza kuwa Afrika Kusini, Mashariki ya Kati au Ulaya. Gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila milisekunde 16.7. Ujumbe wa pedi yako ukichukua milisekunde 150 kwenda na kurudi, unaona picha zaidi ya nane zilizopitwa na wakati. Kwenye gemu ya mpira utalalamika kwamba beki ni mzito. Kwenye gemu ya mapigano kama Tekken utapigwa ngumi uliyoiona tayari imekupata.

Namba ya umri, na lile swali la ukatili

Historia ya namba hizi ina tukio moja linaloeleza mengi. Septemba 1993 Mortal Kombat iliingia majumbani kwenye mashine mbili zilizoshindana. Ya Nintendo ilitolewa damu, ngumi ikitua usoni kukawa kunaruka matone ya kijivu kama jasho. Ya Sega iliiacha damu, ila imefungwa nyuma ya mfuatano wa vitufe: A, B, A, C, A, B, B. Kila mtoto wa shule Marekani aliujua, na ya Sega ndiyo iliyouzwa zaidi. Desemba mwaka huohuo Seneti ya Marekani ikaendesha vikao kuhusu ukatili kwenye gemu, na mwaka 1994 kampuni zikaanzisha bodi yao ya kupanga umri, ESRB, kabla serikali haijawapangia. Ulaya ilipata mfumo wake, PEGI, mwaka 2003.

PEGI hutumia namba 3, 7, 12, 16 na 18, ambazo kila mtu anazielewa. ESRB hutumia herufi, na hizo huchanganya: E ni kwa wote, T kuanzia miaka 13, M kuanzia 17. Za Japani huenda A, B, C, D hadi Z, na Z ni kwa wenye miaka 18 na zaidi. Mzazi anayeona Z kwenye diski iliyokuja na mashine iliyotumika Japani hana namna ya kukisia hilo.

Ugeuze kava la PEGI nyuma. Kuna vipicha vidogo: ngumi ni ukatili, buibui ni hofu, sindano ni dawa za kulevya, dadu ni kamari. Namba na ngumi visomwe pamoja. Ukatili wa 7 ni wa katuni. Wa 12 unaweza kuonekana zaidi, lakini uwe dhidi ya viumbe wa kubuni, au dhidi ya watu ukiwa hauna uhalisia. Wa 16 unafanana na wa maisha ya kweli. Wa 18 ni wa kuchukiza, au unaua bila sababu, au unamlenga asiyeweza kujitetea. Ndiyo maana Fortnite, ambamo watu wanapigana risasi muda wote, ni 12: hakuna damu, na aliyeshindwa hutoweka. Tekken 8 ni 16. GTA V, Mortal Kombat 11 na God of War Ragnarök ni 18. Namba haisemi gemu ni ngumu au rahisi kiasi gani, kosa ambalo wauzaji hulifanya mara nyingi wanapomwambia mzazi, "Hii ya 18 ni ngumu tu, dogo ataizoea." Inahusu kile kinachoonyeshwa, basi.

Je, kinachoonyeshwa kinamfanya mtoto kuwa mkatili? Watu hubishana bila kumalizana kwa sababu wanatumia neno moja kwa mambo mawili. Wanasaikolojia hutenganisha ukali wa kawaida, yaani kufoka, kusukumana, kutaka kumkomoa mwenzako, na ukatili wenyewe: kujeruhi, kuua. Tafiti nyingi za maabara zimepima ule wa kwanza, na vipimo vyake vinastahili kujulikana. Kimojawapo ni kumpa aliyetoka kucheza gemu nafasi ya kuamua mtu mwingine asiyependa pilipili ale pilipili kiasi gani. Kingine ni muda na ukubwa wa kelele anayomchomea mwenzake masikioni. Kutoka kijiko cha pilipili hadi panga ni safari ndefu.

Kwa ukali huo mdogo, ushahidi unaelekea upande wa "ndiyo, kidogo". Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti 24 zenye vijana zaidi ya 17,000 ulikuta uhusiano mdogo kati ya kucheza gemu za ukatili na ugomvi wa baadaye. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford waliwachunguza vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, zaidi ya 1,000, wakitumia namba rasmi za umri badala ya maoni ya vijana wenyewe, na waliwauliza wazazi kuhusu tabia. Hawakukuta uhusiano. Ujerumani, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watu wazima walicheza GTA V kila siku kwa miezi miwili na hawakubadilika kuwa wakali. Huo wa mwisho ulikuwa wa watu wazima, kwa hiyo usimtetee nao mtoto wa miaka tisa. Kuhusu ukatili wenyewe, Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilisema wazi mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuzihusisha gemu na matendo ya ukatili. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imefuta sheria ya California dhidi ya kuwauzia watoto gemu za ukatili, Juni 2011, kwa kura 7 dhidi ya 2.

Kwa hiyo anayedai kwamba kibanda cha gemu kinazalisha wauaji hana ushahidi. Lakini namba ya 18 inabaki na kazi yake, na tunaisimamia kwa nguvu zote. Mtoto wa darasa la tatu anayetazama mtu akipasuliwa uti wa mgongo kwenye Mortal Kombat hahitaji kugeuka muuaji ndipo tuseme ameumizwa. Hofu na usiku bila usingizi vinatosha. Na kwenye vibanda vyetu anayeshika pedi ni mmoja tu. Nyuma yake wamesimama sita, wengine wana sare za shule. Mwenye kibanda anayetaka kufanya vizuri aigeuze runinga ya gemu za 16 na 18 itazame ukuta wa ndani, mbali na mlango, na ile ya mpira ndiyo iangalie barabarani. Hilo haligharimu kitu, na linazuia zaidi kuliko karatasi ya onyo iliyobandikwa ukutani.

Tena, gemu iliyoandikwa 3 si lazima iwe salama kwa mfuko. EA Sports FC 24 ina PEGI 3, kwa kuwa hakuna anayepigwa. Lakini ndani yake kuna pakiti za wachezaji zinazolipiwa bila kujua utatoa nani. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA, kampuni yenye gemu hiyo, wakaacha kuuza pointi za pakiti hizo nchini humo. Tangu 2018 PEGI nao waliongeza kipicha cha kuonyesha kwamba gemu ina manunuzi ndani. Kitafute kabla ya kuunganisha pesa ya simu au kadi ya benki na akaunti ya mtoto.

Kwenye simu ya Android, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia Mipangilio, kisha Familia, kisha Udhibiti wa wazazi. Weka PIN ambayo mtoto haijui na uchague umri wa juu unaoruhusu. Kinachozuiwa ni kushusha gemu mpya. Zilizokwisha kuingia kwenye simu zinabaki, kwa hiyo zipitie kwa mkono. Kwenye PS3 na PS4 namba ya siri ya udhibiti hutoka kiwandani ikiwa 0000, na watoto wanalijua hilo, kwa hiyo kuibadilisha ndiyo hatua ya kwanza.

Gemu inayosubiriwa kuliko zote kwa sasa ni GTA VI. Ilipangwa kwanza kutoka mwaka 2025, ikasogezwa hadi 26 Mei 2026, kisha hadi 19 Novemba 2026, na imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S tu. Hakuna ya PS4, hakuna ya PS3, hakuna ya simu. Diski yenye jina hilo kwenye meza ya PS4 ni gemu nyingine ndani ya kava jipya. Faili la APK, yaani la kusakinisha programu kwenye Android, linalotumwa WhatsApp kwa jina hilo ni la mtu anayetaka ruhusa za simu yako, na likishaingia lifute kabla hujaingiza PIN ya pesa kwenye simu hiyo.